Maelekezo kwa Letka, Atakayeshukia Ohrid

Letka, usije Julai.
Julai mji huu ni chupa iliyojazwa hadi shingoni,
watu hupita ubavuubavu,
na kahawa hupanda bei kila basi linapoingia.
Njoo Septemba, wiki ya pili,
ziwa likiwa na joto kiunoni, baridi nyayoni.

Toka Skopje na basi la saa nne asubuhi.
Kaa mbele, nyuma ya dereva,
maana kona za milimani ni zilezile
na tumbo lako, nadhani, ni lilelile.
Beba denari ndogondogo:
za choo, za mshumaa, za mahindi ya kuchemsha.

Viatu vya soli ya mpira.
Mawe ya mji wa kale yamelambwa na nyayo
mpaka yamekuwa sabuni;
ikinyesha, hata paka huteremka kwa adabu.
Sanduku la magurudumu liache huko Malmo.
Litaamsha mtaa mzima, nawe utatukanwa kwa lugha
ambayo bado unaielewa.

Stendini watakupokea akina mama wenye vibao: VYUMBA.
Usiwapite kama nguzo za umeme.
Hata kama una pa kulala, waulize
maji ya moto hutoka saa ngapi, ngazi ni ngapi,
halafu sema asante.
Mama alisimama pale viangazi kumi na tisa.
Kibao chake nilikiandika mimi, nikakosea herufi,
naye akakataa kukibadili:
mgeni akicheka, alisema, amekwisha kuwa wetu.

Ukitaka mashua, mtafute Gligor, yule kiziwi wa sikio moja.
Taja bei kabla mguu haujagusa ubao,
kisha uliza: ni kwenda tu, au na kurudi?
Taja bei upande wa sikio zima.

Samaki mwenye madoa mekundu, usimwagize.
Wamebaki wachache.
Mimi nilimla mpaka nikaona haya.
Kula maharage ya chungu, yale yenye ukoko juu,
na umwambie mpishi alete mkate wa jana.

Lulu hapa hupakwa ute wa magamba ya samaki.
Muuzaji akikuapia kwamba hii ndiyo ya mwisho,
jua nyuma yake kuna droo nzima.

Kanisani, funika mabega. Usipige picha.
Filka mwenye funguo huona hata kwa kisogo.

Sasa, nyumba.
Niliiuza Machi, unajua; hujanijibu, najua.
Panda kutoka kwenye ule mti wenye uwazi tumboni,
hesabu milango saba,
utaiona ghorofa yake ya juu imeinama juu ya njia
kama mtu anayetafuta sarafu iliyomdondoka.
Imepakwa chokaa mpya. Usibishe hodi,
hakuna wa kuitikia.
Kuna vitufe: bonyeza mwaka uliozaliwa.
Niliwaomba waweke hivyo kwa usiku mmoja.

Nimekulipia chumba cha nyuma.
Kile kikubwa, cha dirisha la ziwa,
tulichokifagia kila Jumamosi bila kukikalia kitanda.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
sisi tulipona, Letka,
tukiwa tumelala jikoni, vichwa chini ya meza,
tukisikiliza Wajerumani wakivua viatu darini.

Sijawahi kuliona ziwa kutoka pale usiku.
Kwangu siku hizi, mtaa mpya, ghorofa ya tano,
linaonekana kama kipande cha bati.
Basi usilale mapema. Fungua dirisha lote,
kitasa cha kushoto hukwama, kiinue kidogo,
kisha uniambie likoje.

Kutoka ni saa nne kamili.
Ukichelewa, wanatoza.
Chelewa.